Mrejesho: Kielelezo cha mtiririko wa tope la Hanang

Ndugu wataalamu, nawashukuru kwa dhati mlionijibu nilipouliza kwa nini HEC-RAS, programu ya kompyuta inayoiga mtiririko wa maji, ilionyesha tope la Mlima Hanang, lililoshuka hadi mji wa Katesh, Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023, likienea kama maji matupu na kupita mbali kuliko mabaki yanayoonekana kwenye picha za satelaiti. Nilifuata ushauri wa kutumia milinganyo ya tope zito, ambalo halisogei mpaka msukumo ushinde ukinzani wake, na sasa mtiririko unakoma karibu na ulikokoma kweli. Ramani ya mwinuko ya Copernicus (mpango wa satelaiti wa Ulaya), ambayo kila kipimo chake kinawakilisha eneo la mita 30 kwa 30, hata hivyo, haikutosha: makorongo membamba yanayoingia mjini, ambayo ndiyo huamua nyumba zipi zimo hatarini, hayaonekani humo, kwa hiyo sitachora mipaka ya hatari mtaa kwa mtaa kabla ya kupata vipimo vya droni.