Mlezi wa kulala hapo hapo kwa mzazi aliyepooza, Mombasa: je, mtu mmoja anatosha?

BintiKibokoni

Assalaam aleikum, na hamjambo ndugu zangu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, ila kwa miaka sita sasa naishi Muscat kikazi. Mamangu, mwenye umri wa miaka 81, alipatwa na kiharusi mwezi wa Shaaban akapooza upande wa kulia; maneno huyatamka kwa taabu, lakini akili yake ni timamu na anamtambua kila anayeingia. Chumba chake kiko ghorofani, na ngazi za nyumba yetu, kama za nyumba nyingi za Kibokoni, ni nyembamba na zimesimama wima, hata kumteremsha kwenda kliniki kunahitaji wanaume wawili na kiti cha mbao. Nyumbani yupo kaka yangu na mkewe, ambaye ana mtoto mchanga wa miezi minne.

Tulimpata mlezi kupitia kwa wakala mmoja aliyetuhakikishia kwamba binti huyo amehitimu mafunzo na kwamba angekuwa na mama saa 24. Alikaa siku 41. Siku ya kuondoka alimfuata wifi yangu jikoni alfajiri, begi likiwa tayari begani, akasema kwa upole kwamba hana ugomvi na mtu yeyote, ila amechoka. Wakala akatutoza ada upya na kutuletea wa pili, naye akaondoka baada ya siku 19 kwa sababu safari yake ya Saudia ilikuwa imejibu.

Sasa familia imegawanyika. Kaka anasema tumtafute mwingine mwenye moyo wa huruma, na shangazi anasema kumwachia mama mtu baki ni aibu, na kwamba anayepaswa kurudi ni mimi. Kinachonichoma ni kwamba kazi yangu huku ni hiyo hiyo: namhudumia bibi wa watu, na mshahara wangu ndio unaonunua dawa za mama. Naomba wenye uzoefu wanieleze: je, mtu mmoja anatosha kweli, na tukimpata mwingine tumwekee utaratibu gani ili asiondoke?

MuuguziMstaafu

Waaleikum salaam, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amjalie mama shifaa. Nimefanya kazi wodini miaka mingi hapa Pwani, na baada ya kustaafu nimekuwa nikiitwa majumbani kuangalia wagonjwa wa namna hii, kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka. Mtu mmoja anatosha kwa mchana. Kwa mchana na usiku hatoshi, hata awe na moyo wa malaika, na huyo binti wa kwanza hakukosa moyo, alikosa usingizi.

Hebu tuhesabu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza mwenyewe, desturi tuliyofundishwa ni kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Maana yake ni kwamba anageuzwa saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi, kisha alfajiri, na katikati ya hapo kuna kubadilisha pampasi na kumpa maji. Mtu huyo huyo asubuhi anatarajiwa amwogeshe, amlishe, amnyooshe viungo, na mara nyingi pia afue na kupika chakula cha nyumba nzima. Kwa usiku 41 mfululizo, mimi mwenyewe nisingefika huko.

Yapo ya kupunguza mzigo huo. Godoro la hewa lenye mota, linalojaa na kupwaya kwa zamu, husaidia sana, na ikiwa ngozi haina alama yoyote, muuguzi au daktari anayemfuatilia anaweza kuruhusu usiku ageuzwe kila baada ya saa nne badala ya mbili. Wekeni mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro, kwa sababu visigino na mfupa wa juu ya makalio ndipo vidonda vinapoanzia. Watu huambiwa watazame wekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani kwa urahisi. Pitisheni kiganja, na mkihisi sehemu moja ina joto kuliko nyingine, au imekuwa ngumu, au mgonjwa anakunja uso mkiigusa, asilalie upande huo mpaka itulie.

Kuhusu chakula, kwa kuwa ulimi wake umelemaa kidogo, aketishwe wima kabisa, tonge liwekwe upande wa kushoto wa mdomo, na abaki ameketi kwa nusu saa baada ya kula. Maji matupu ndiyo yanayompalia mgonjwa wa kiharusi upesi kuliko uji mzito, jambo ambalo jamaa wengi hushangaa kulisikia. Akikohoa kila anapokunywa, mlezi asilazimishe, aitwe mtaalamu amwangalie anavyomeza. Na msisahau kwamba mzee hahisi kiu kama sisi, hivyo wakati wa kaskazi, joto la Januari na Februari linapojaa ghorofani, msingoje aombe maji.

Mhudumu_wa_Kilifi

Dada, mimi ni mmoja wa hao mnaotafutwa. Nimelala majumbani mwa watu, Nyali na Bamburi, kwa miaka minane, na wazee watatu wamefia mikononi mwangu kwa amani. Niruhusu niseme kwa niaba ya binti wa kwanza, ingawa simjui.

Nyumba yangu ya kwanza nilitandikiwa mkeka chini ya kitanda cha bibi, ili akiniita nisikie. Hakuna aliyenitendea ubaya; nilikula walichokula, na Idi nilinunuliwa leso kama watoto wa nyumbani. Lakini katika wiki ya saba nilisinzia kijiko kikiwa mkononi, uji ukammwagikia bibi kifuani. Haukuwa wa moto, alhamdulillahi, na bibi mwenyewe ndiye aliyenipangusa mkono kabla sijajipangusa mimi. Usiku ule nililia, na mwisho wa mwezi nikaondoka. Nilisema nimechoka, kwa sababu sikuwa na neno jingine, na nadhani walinisema kama huyo wenu anavyosemwa.

Tangu wakati huo, kabla ya kuzungumzia mshahara, huuliza swali moja tu: usiku ni wa nani? Nyumba ikijibu kwamba usiku pia ni wangu, hushukuru nikaaga. Nyumba niliyopo sasa, mwana wa kiume hushika usiku wa Ijumaa na Jumamosi, mama mmoja wa jirani hulipwa kwa usiku mitatu, na mimi nina miwili, na siku inayofuata naachwa nilale mpaka saa nne asubuhi. Nina chumba changu chenye komeo. Jumapili naenda kwetu. Huu ni mwaka wa nne.

Jambo la pili ni sitara, na hili liangalieni mapema. Kaka yako hawezi kumwogesha mama, na mama hatataka. Lakini kumgeuza akiwa amefunikwa shuka, kumpa maji na kumwekea mto ni kazi anayoiweza mwanamume yeyote baada ya kuonyeshwa mara mbili. Wanaume wengi hukimbilia kusema kwamba hiyo ni kazi ya wanawake, ilhali anayefundishika hapo ni mikono tu.

Karani_wa_Makadara

Nitaongeza upande wa mkataba kwa ufupi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamhusu mfanyakazi wa nyumbani kama mwingine yeyote: ana haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo kamili, na mkataba wa maandishi ikiwa kazi ni ya miezi mitatu au zaidi. Anayelipwa kwa mwezi, kila upande hutoa ilani ya siku 28, na kama mngekuwa na maandishi, ingekuwa rahisi kumdai yule aliyekuwa na safari ya Saudia awape muda wa kutafuta mwingine.

Kiwango cha chini cha mshahara wa mtumishi wa nyumbani jijini Mombasa kilichotangazwa Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na anayemwinua mgonjwa kitandani anastahili zaidi ya hapo. Kuna pia michango ya NSSF (hifadhi ya jamii), SHA (bima ya afya) na tozo ya nyumba. Msiyaache mpaka siku ya ugomvi. Kama mama hajaandikishwa kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wenye umri wa miaka 70 na zaidi, aandikishwe. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, hazimlipi mlezi, ila pampasi za siku kadhaa zitapatikana.

Mzee_wa_Barazani

Nimesoma maelezo yote tangu juu, na nimeona maoni ya kaka, ya shangazi, ya wakala na ya wataalamu. Sijaona mahali palipoandikwa mama mwenyewe amesema nini, ingawa binti ameeleza wazi kwamba akili yake ni timamu.

Mimi nina miaka 77, natembea kwa mkongojo, na ninahudumiwa na kijana anayelala chumba cha pili. Wanangu walikutana mara tatu kujadili habari yangu, nami niko chumbani nasikia sauti zao ukutani. Waliponiuliza hatimaye, nilikuwa na maombi mawili: kengele ya mkononi ili nisipige kelele kama mtoto, na nisivuliwe nguo mlango ukiwa wazi. Hayo mawili hayakuwahi kutajwa katika vikao vyote vitatu. Mtu aliyepoteza maneno bado anaweza kukubali na kukataa kwa jicho au kwa kidole, mradi aulizwe swali moja moja na asiharakishwe.

BintiKibokoni

Nawashukuru nyote, na nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kufuata ushauri wa Mzee. Nilimpigia mama kwa video, wifi akamshikia simu, nikamwuliza swali moja moja, naye akajibu kwa kufumba jicho akikubali. Nilidhani angetaka ateremshwe chumba cha chini, jambo ambalo tulikuwa tumeshaanza kulitafutia fundi. Amekataa mara mbili, kwa sababu dirisha la juu ndilo analosikilizia adhana na sauti za barabarani. Kwa hiyo fundi ataweka reli ya kushikia ngazini, na chumba cha chini atakipata mlezi, kikiwa na komeo.

Nilipomwuliza kuhusu usiku, nilimtajia majina. La jirani alilikubali. La shangazi alilikubali kwa jicho haraka zaidi, na hapo nikakumbuka kwamba ni dada wa marehemu baba na kwamba wameishi pamoja tangu ujana wao. Nimempigia shangazi nikamweleza hivyo hivyo. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba atashika usiku wa Jumatatu na Alhamisi, lakini kumgeuza hawezi kwa sababu ya mgongo wake. Kaka amekubali kulala chumba cha pili siku hizo ili aitwe kwa kengele. Jirani atalipwa kwa usiku mitatu. Miwili iliyobaki ni ya mlezi, na nimemwomba Karani wa Makadara, kama hatajali, anisaidie namna ya kuiandika hiyo miwili kwenye mkataba, ili ieleweke kwamba asubuhi yake ni ya kulala.