Naomba ushauri: gego la mama na malipo ya SHA
Ndugu zangu, mama yangu, ambaye huuza mboga soko la Kongowea na hana bima ya kampuni yoyote, anaumwa na gego kwa wiki ya tatu sasa. Amejiandikisha na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, na kwa kuwa hana mshahara alilipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi. Kliniki moja huku Likoni imemwambia kuwa kung'oa kutalipiwa, ila kuziba atajilipia mwenyewe, naye hataki kabisa pengo jingine. Je, yupo aliyezibwa jino kwa SHA katika hospitali ya serikali hapa Mombasa, na alitakiwa kwanza barua ya rufaa kutoka zahanati?