Siga iliyozimika nusu, na joto la Dar

Mpwani_77: Wadau, siga (ile nene ya majani ya tumbaku yaliyoviringishwa) ikizimika katikati naiwasha vipi isije na uchungu? Na zilizobaki niziweke wapi? Joto la Dar halina simile.

Kibiriti: Usiiponde kwenye kisahani cha majivu, iache izimike yenyewe. Ukiirudia, gonga majivu, kwangua masizi kidogo, kisha shika moto wa gesi sentimita 1 au 2 chini ya ncha huku ukiizungusha mpaka ukingo wote uwe mwekundu. Kabla ya kuvuta, PULIZA hewa kutoka mdomoni ipite ndani ya siga mpaka nje: moshi uliolala humo ndio unaoleta uchungu. Kiberiti cha petroli achana nacho, kinaacha harufu. Ikishalala usiku mzima, kata sehemu iliyoungua na sentimita 1 zaidi. Mimi ningeitupa tu.

MzeeWaMajani: Kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira linatosha, pamoja na pakiti ya unyevu ya asilimia 65 (kijifuko kinachoshikilia unyevu wa hewa koponi kwenye kiwango hicho). Usiziache wazi kwenye friji, zitakauka. Adui wa pwani ni joto: likipita nyuzi 25 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa. Utaona vitundu mithili ya ncha ya pini.

Mpwani_77: Moja tayari ina viwili!

MzeeWaMajani: Itenge sasa hivi. Nyingine zifunge mifuko miwili miwili, friza siku 3 kwa nyuzi -20, kisha friji siku 1, ndipo nje. Ukiruka friji, jani la juu hupasuka.