Potasiamu 6.9, sukari 2.6, na mama yuko shambani

MtotoWaMwisho: Wakuu, nisaidieni. Mama (miaka 61, ana presha, anatumia losartan) alitolewa damu zahanati ya kijijini Jumatano saa 3 asubuhi. Pale hawana mashine ya kupimia, kwa hiyo kichupa kilikaa juani kikisubiri bodaboda, kisha kikatupiwa kwenye kiboksi cha barafu, kikalala kwenye friji ya hospitali ya wilaya. Kimepimwa Alhamisi. Daktari kapiga simu: potasiamu 6.9, iko juu mno, sukari 2.6, iko chini mno, mleteni haraka. Nimefika mbio, namkuta anapalilia mihogo, ananiuliza sukari ya chai iko wapi. Nimwamini nani, karatasi au mama?

FundiKichupa: Kifuniko rangi gani? Na damu ilizungushwa kwenye mashine, kutenganisha seramu (maji ya damu) na chembe, kabla ya safari?

MtotoWaMwisho: Chekundu. Haikuzungushwa, umeme ulikatika.

FundiKichupa: Nilijua. Damu ikiwa kichupani bado inakula. Kwenye joto la kawaida chembe zinamaliza sukari kama asilimia 5 hadi 7 kila saa, na jua linaongeza mbio. Ndiyo maana ya sukari tunaiweka kwenye kifuniko cha kijivu, kina floraidi ya kuzuia chembe zisiile. Potasiamu nayo imejaa ndani ya chembe nyekundu, pampu ya chembe yenyewe ndiyo inayoizuia isitoke. Baridi inailaza pampu, potasiamu inavuja usiku kucha. Watu wanadhani barafu inaokoa kila sampuli! Tenganisha seramu kwanza, ndani ya saa mbili hivi, ndipo uweke baridi. Na msidanganywe na seramu safi ya manjano: uvujaji huu hauhitaji chembe kupasuka.

SistaZamu: Taratibu jamani. Losartan yenyewe hupandisha potasiamu, na 6.9 ikiwa ya kweli moyo unaweza kusimama huku mtu anapalilia. Mpeleke leo. Sukari ya kidole ni dakika moja. Apimwe umeme wa moyo, damu itolewe hapo hapo hospitali, asikunjekunje ngumi mkono ukiwa umefungwa.

MtotoWaMwisho: Tumerudi. Kidole 5.8, moyo sawa, potasiamu 4.6. Mama kagoma kushuka kwenye bodaboda mpaka aelezwe ile damu ya kwanza ililiwa na nani.

FundiKichupa: Mwambie imejila yenyewe.