Shajara ya tafakuri mwanzo wa muhula: mnaanzaje, na madaftari 45 mnayasoma saa ngapi?

Kalamu_ya_Wino:
Habari za kazi, walimu. Shule zinakaribia kufunguliwa na nimepangiwa darasa jipya, wanafunzi 45 wa miaka 12 hadi 14, wengi wao hawajuani. Nataka waanze shajara ya tafakuri tangu wiki ya kwanza. Sitaki masimulizi ya siku nzima, nataka kila mmoja ajitazame anavyojifunza. Waandike mara ngapi, kwa dakika ngapi? Niwape swali au niwaache huru? Nisahihishe au nisisahihishe? Na kusoma je, maana 45 si mchezo.

Chaki_Nyeupe:
Karibu, mwalimu. Nianze na muda, ndio unaoharibu mengi.

Wiki mbili za kwanza dakika 7 zinatosha, kisha panda hadi 10. Mara tatu kwa wiki, siku zilezile, saa ileile. Ukiwaandikisha kila siku, haipiti muda utapata mstari mmoja tu: "Leo nimejifunza mengi." Mara moja kwa wiki nayo ni chache, kwa sababu kilichomkwamisha Jumatatu, ikifika Ijumaa ameshakisahau. Tenga dakika 12 za mwisho wa kipindi: 2 za kutoa madaftari na kusoma swali, 7 za kuandika, 3 za kukusanya. Anayebanwa na kengele huandika sentensi ya kumalizia tu, basi.

Mwanzoni usiwaache huru. Ukisema "andika chochote", nusu ya darasa itakodolea karatasi macho na nusu nyingine itaanza na "niliamka, nikaoga". Lakini si kila swali linafaa. "Umejifunza nini leo?" linajibiwa kwa kunakili kichwa cha somo ubaoni. "Umefurahia somo?" linajibiwa "ndiyo", kwa heshima. Uliza kitu chembamba ambacho hakina jibu ubaoni:

- Katika zoezi la leo ulisita wapi, hata kidogo? Ulifanya nini ili uendelee?
- Mwenzako hakuwepo leo. Ni sehemu gani ya somo ungeweza kumweleza, na ni ipi ingekushinda?
- Ni jibu gani ulilibadilisha, na kwa nini?

Siku ya kwanza kabisa usiulize habari za likizo wala za nyumbani. Wapo walioenda kutembea, wapo waliouguza mtu, na bado hawakujui. Anza na uwezo wao: "Ni kitu gani unaweza kumfundisha mtu mpaka akakiweza? Wewe ulikijuaje?" Siku ya pili: "Mwalimu akifanya nini unaelewa haraka? Akifanya nini unapotea?" Hilo la pili lisome kwa makini, linakupa ramani ya darasa kabla hata ya jaribio la kwanza. Kuanzia siku ya tatu, funga swali kwenye somo la siku hiyo.

Kwa muundo, maswali matatu ya mwalimu Mmarekani Terry Borton ya mwaka 1970 yanatosha umri huo: Nini kimetokea? Kina maana gani kwangu? Sasa nitafanya nini? Mzunguko wa tafakuri wa Graham Gibbs wa 1988 wenye hatua sita (tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango) unawafaa walimu wanagenzi na wauguzi. Ukimpa mtoto wa miaka 12 atajaza vichwa vya habari sita na chini ya kila kimoja maneno manne.

Jambo moja zaidi: dakika hizo 7 nawe andika. Ukizunguka kati ya madawati ukichungulia, wataandika cha kukupendeza.

Pembezoni_Kushoto:
Kwenye kusahihisha mimi sina maelewano: kalamu nyekundu isiguse daftari hilo. Mwanafunzi akiona tahajia imezungushiwa duara, kesho ataandika maneno anayoyamudu tu, na fikra nayo itafupika. Makosa yanayojirudia yaandike kwenye karatasi yako, uyafundishe darasa zima kwenye kipindi cha lugha bila kutaja ya nani.

Kusoma: gawa darasa makundi 5 ya wanafunzi 9. Kila siku ya shule unasoma kundi moja, dakika 2 kwa daftari, yaani dakika 18. Kwa wiki umewafikia wote. Husomi kila ingizo. Mwanafunzi aweke nyota kwenye lile moja analotaka ulisome. Jibu kwa sentensi moja, nayo iwe swali. "Vizuri sana" haimsogezi popote, kwani hajui vizuri ni ipi.

Mfano. Mwanafunzi ameandika: "Leo hesabu ilikuwa ngumu. Sikuelewa. Nitajitahidi."

Usimwambie ajitahidi, ameshasema mwenyewe. Andika: "Ulikwama kwenye mstari wa ngapi?" Ingizo linalofuata huelekea kuwa hivi: "Nilikwama pale −3 ilipohamia upande wa pili ikawa +3. Sikujua kwa nini inageuka, nikanakili kwa jirani. Kesho nitauliza kabla ya zoezi." Hapo una kosa lenyewe, chanzo chake na mpango wenye siku. Na kama watano wameandika −3, kipindi cha kesho umeshakipata.

Nasaha_Kwanza:
Walimu, hakuna aliyegusa usiri, na huo hutangulia hata swali la kwanza.

Kabla hawajaandika neno, waambie wazi mambo matatu. Nani atasoma: mimi tu, wenzako hawasomi. Kipi sitasoma: ukurasa uliokunjwa kuelekea ndani. Kipi siwezi kukifanya siri: ukiandika kwamba unaumizwa, au unataka kujiumiza, au kuumiza mtu, nitamwambia anayehusika na usalama wa wanafunzi hapa shuleni. Ongeza kwamba anayetaka msaada asikunje ukurasa. Mwalimu anayeahidi "chochote utakachoandika ni siri yetu" anajifunga kamba, maana siku ikitokea itabidi avunje ahadi mbele ya mtoto ambaye tayari haamini watu wazima.

Ukikutana na ingizo la namna hiyo, usilijibu kwa maandishi na usimhoji kama mpelelezi. Siku hiyohiyo mwite mahali patulivu, mwambie umesoma, utamwambia nani na kwa sababu gani. Nakili maneno yake kama yalivyo, bila kuyapamba, ukabidhi kwa mhusika.

Kukusanya pia kuna mtego. Kiranja akipita dawati kwa dawati na rundo mkononi, ameshasoma nusu kabla hajafika mezani kwako. Kila mmoja aweke la kwake mwenyewe kwenye boksi, na boksi likae kwenye kabati lenye kufuli. Na daftari la shajara lisitumike kamwe kama adhabu. "Kaa hapo uandike kwa nini umechelewa" mara moja tu, na darasa zima litajua daftari hilo ni la nini.

Kalamu_ya_Wino:
Asanteni sana, hili la kiranja sikuwa nimelifikiria kabisa. Mawili yamebaki. Kuna wanaoandika kwa shida, na kuna wanaomaliza kwa dakika mbili wakaanza kusumbua. Halafu uongozi unataka alama kwa kila kazi ya daftari.

Chaki_Nyeupe:
Wenye shida ya kuandika: waruhusu mchoro wenye maneno matatu pembeni, au lugha wanayofikiria nayo hata kama si ya somo. Asiyeandika kabisa akusimulie kwa dakika moja, wewe uandike maneno yake, yeye ayasome tena. Na wape mianzo ya sentensi ukutani. Unaozaa zaidi ni "Nilidhani..., kumbe...", kwa sababu haukamiliki bila mtu kutaja alichobadili mawazo. "Nilidhani sehemu yenye namba kubwa chini ndiyo kubwa, kumbe ni vipande vidogo." Tafakuri nzima mstari mmoja.

Anayemaliza mapema asipewe swali jipya. Apigie mstari sentensi moja aliyoiandika, kisha aielezee kwa sentensi mbili zaidi: lini, wapi, kwa nini. Kalamu isimame muda ukiisha, si kabla.

Pembezoni_Kushoto:
Alama: kwa maingizo ya kawaida rekodi "ameandika" au "hajaandika", usizidishe hapo. Mwisho wa mwezi kila mmoja achague ingizo moja, alinakili upya kwenye karatasi na kuliboresha. Hiyo karatasi ndiyo inayopewa alama. Kati ya 10: tukio mahususi 3, sababu iliyoelezwa 4, hatua inayoweza kufanyika 3. Hisia hazina alama. Ukizipa, wiki ijayo utasoma machozi ya kutunga.

Na tahajia kwenye karatasi hiyo unaweza kuisahihisha, kwa kuwa ni nakala safi ya kusomwa na wengine. Nadhani uongozi utaridhika.

Chaki_Nyeupe:
Nimesahau hili, na ukilikosa wiki ya kwanza halirekebishiki: waandike ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto ubaki mtupu. Wiki ya sita, wape dakika 10 wasome maingizo matatu ya mwanzo, kisha kwenye ukurasa wa kushoto wajibu kwa kalamu ya rangi nyingine: hiki bado kinanikwamisha, hiki kimeisha, hapa nilijidanganya. Kwa madaftari ya kurasa 48 maana yake una nafasi ya maingizo 24, yaani wiki 8 kwa mara tatu, kwa hiyo agiza mawili kwa kila mwanafunzi mapema.

Nasaha_Kwanza:
Na usimlazimishe mtu kusoma la kwake kwa sauti siku hiyo. Anayetaka asome mstari mmoja, wengine wasikilize.