Sikuwa na kidonda wala sikunywa maji ya ziwa, kichocho kimeniingiaje?

MgeniWaZiwa: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtu wa Njombe, nipo Mwanza kikazi. Wiki tatu zilizopita shemeji alinipeleka kuvuta kokoro, maji kiunoni, toka saa nne mpaka saa saba mchana. Usiku miguu ikawasha, vipele vidogo vidogo, vikapotea. Juzi mhudumu wa zahanati akasema huenda ni kichocho. Mdudu anapitaje kwenye ngozi nzima? Na ninywe dawa leo leo?

Bodaboda_Igoma: Maji umeshayavulia nguo, mkuu 😂

Mtu wa Darubini: Pole mkuu. Nipo maabara, nikueleze. Mdudu huyo hutoka kwa konokono wa majini, ni lava, yaani mnyoo mchanga, mwenye mkia uliogawanyika kama uma, kwa macho humwoni. Hali chochote, anatumia akiba aliyotoka nayo, na asipopata mtu ndani ya siku moja au mbili amekufa. Silaha yake ni jozi tano za tezi, mirija yake inafungukia mbele kabisa ya kichwa. Jozi tatu hutoa ute wa kunata, ndio unaomgandisha kwenye ngozi. Mbili zilizobaki zina kalsiamu na vimeng'enya vinavyoyeyusha protini zinazoshikanisha ngozi yako. Akihisi joto na kuonja mafuta ya ngozi, hasa asidi linoleiki, anazimwaga, anajisukuma ndani, mkia anauacha. Dakika chache tu. Kidonda cha nini?
Halafu saa mliyochagua! Konokono wa kichocho cha tumbo humwaga lava jua likishapanda, kuelekea adhuhuri.

MgeniWaZiwa: Duh. Ningejifuta na taulo upesi?

Mtu wa Darubini: Ukirushiwa maji kidogo, kujisugua huenda kukasaidia. Saa tatu majini, sahau.

Mzawa_Ukerewe: Mbona sisi hatuwashwi? Tumekulia humo humo.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, kuwashwa huwapata zaidi wageni. Usipowashwa haina maana hujaambukizwa. Na wewe mgeni, vipele peke yake si ushahidi, hata lava wa minyoo ya ndege wa majini huwasha hivyo, ila hao hufia kwenye ngozi. Dawa usikimbilie: prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, michanga inanusurika. Rudi ukapime choo na mkojo wiki ya sita hadi ya nane tangu siku ile, upewe vidonge kwa uzito wako, na ule kwanza maana vinachefua. Homa, kikohozi au mwili kuvimba vikianza kabla ya hapo, usisubiri tarehe, nenda hospitali.

MgeniWaZiwa: Asante mama. Na maji ya kuoga? Nyumbani tunachota ziwani.

Nesi Mstaafu: Yaache kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili kamili, konokono asiwemo. Kama una haraka, yachemshe.

MgeniWaZiwa: Nimeweka alamu ya wiki ya nane kwenye simu. Shemeji nimemtumia uzi huu, kajibu: "Jumamosi saa nne, usichelewe."