Bustani ya vipepeo nyuma ya nyumba, Malindi

Swali: Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina uwanja mdogo hapa Malindi, wenye jua tangu asubuhi na mchanga mtupu, nami natamani sana kuwaona vipepeo. Je, nianze na maua gani?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Zinia hustawi juani na vipepeo huzipenda, lakini kabla ya maua fikiria viwavi, kwa sababu kipepeo hutaga mayai juu ya mti ambao majani yake watoto wake watayala. Panda mndimu, na uvumilie majani yakitobolewa, maana yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hulelewa hapo. Dawa ya wadudu usinyunyize kamwe.

Jibu: Naongeza kwamba mchanga wetu haushiki maji, basi changanya samadi na upande masika yaanzapo. Ukiweza fika Gede, ambako mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, huwawezesha wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga ndani ya ganda kabla ya kugeuka vipepeo.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Mndimu ninao tayari, na viwavi wake nilikuwa nikiwaua; kuanzia leo nitawaacha.